Sukari ya Mjumbe

Mtu akiniambia fulani amekataa mshahara, mimi swali langu ni moja tu: basi anakula wapi?

Waithira hakulipenda swali hilo. Tulikuwa tunachuma kahawa mstari mmoja, mimi na yeye, katika shamba la mzungu mmoja nje ya Ruiru. Ulikuwa mwaka wa hamsini na nane. Bwana Kagwe, mjumbe wetu katika Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi, alikuwa ametangaza kwamba hatagusa mshahara wake hata senti. Ati wote utakwenda kwa wajane na mayatima.

"Wayua, moyo wako una kutu," Waithira akaniambia. "Mtu akitenda mema, wewe unamnusa kama nyama ya jana."

"Nyama ya jana lazima inuswe."

Nilikuwa na sababu ya kunusa. Wiki hiyo sisi wanawake tulikuwa tumekubaliana kwamba Jumatatu hatuingii shambani. Ugomvi wetu ulikuwa debe. Tulilipwa kwa debe, lakini Gachanja, nyapara wetu, hakupokea debe lililojaa mpaka mdomoni tu. Alitaka kilima juu yake, na kahawa ikiporomoka uiokote uirudishe. Kilima hicho hakikuwa na malipo. Mikono yangu peke yake haikukiweza, ndiyo maana nikamtoa Syokau, binti yangu, darasani aje tuchume pamoja. Mwalimu wake alinionya kwamba asiporudi mwezi huo, nafasi yake atapewa mtoto mwingine. Kila nikiona vile vidole vyake vyeusi kwa utomvu, moyo uliniuma.

Sasa sikiliza. Mjumbe anakataa mshahara, halafu siku hiyohiyo tunaambiwa Jumapili atakuja kutusalimia. Kutusalimia sisi, wachuma kahawa! Ilikuwa bado hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Watu wakikusanyika hata kwa matanga, askari anataka kibali. Sisi tulipoomba kukutana tuzungumze habari ya debe, tulinyimwa. Yeye alipewa kibali upesi, tena mkutano ufanyike uwanjani mbele ya ghala la kahawa, ndani ya shamba lenyewe. Nikajiuliza ni nani aliyemfungulia lango.

Jioni nikamweleza mume wangu, Munyao, ambaye alikuwa mpakuaji mizigo stesheni ya Thika. Akaacha kula.

"Lile lori jipya linaloleta kahawa ya shamba lenu," akasema, "dereva wake ni Githinji. Si ndiye anayemwendesha Bwana Kagwe?"

"Labda ameazimwa tu."

"Labda," Munyao akasema, akarudi kwa sahani yake. Mimi usingizi ulinipaa.

Jumapili tulipotoka kanisani tukamkuta mjumbe ameshafika uwanjani, kofia mkononi, anatuita mama zangu. Sitasema uongo, yule mtu alijua kusema. Alizungumza juu ya vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na watoto wasiojua kaburi la baba yao liko wapi, na mimi mwenyewe nikajikuta naitikia kwa kichwa. Waithira alikuwa anajifuta machozi kwa leso. Ndipo akalifikia lililomleta.

"Mimi nimetoa mshahara wangu, wote," akasema kwa upole. "Je, mama zangu, ninyi mtashindwa kutoa konzi ya kahawa juu ya debe, ili kazi isisimame?"

Panya huuma huku akipuliza. Nikatazama wenzangu, wote wamejiinamia. Nami niliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyonitia hasira. Mwenye lori linalolipwa kubeba kahawa ya shamba anaweza kukataa mshahara na akalala ameshiba. Mimi nikikataa wangu, watoto watalala njaa. Sasa ilikuwaje mimi ndiye nione haya?

Kisha gunia la sukari likaletwa. Mjumbe akasema ni zawadi iliyotoka kwenye mshahara huo, kila mama kikombe kimoja. Tukapanga foleni. Githinji alichota kwa kikombe cha bati, akapitisha kibao juu yake, sukari iliyozidi ikarudi guniani, ndipo akamimina. Kilikuwa kibao kizuri, kimepigwa randa. Waithira akapokea yake kwenye pindo la leso na kumshukuru.

Ikafika zamu yangu. Githinji akachota, akainua kibao.

"Usikate," nikamwambia. "Weka kilima."

Akanitazama asielewe. "Mama, kipimo ni kikombe."

"Na huku kwetu kipimo ni debe. Gachanja yule pale, muulize kama amewahi kulikata. Weka kilima, na ikimwagika okota urudishe."

Mjumbe akasogea akitabasamu, akaniambia kwamba vikombe vikijazwa hivyo, sukari haitatosha watu wote.

"Kweli, baba," nikamjibu. "Na sisi nguvu hazitutoshi. Binti yangu ameacha shule kwa ajili ya hicho kilima unachokiomba."

Niliogopa, maana askari walikuwa karibu. Waithira ndiye aliyeniokoa. Alirudi mbele ya foleni bila kumwangalia mtu, akafungua pindo lake, akaimwaga sukari yote guniani. Halafu akakung'uta leso. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo.

Jumatatu hakuna aliyechuma. Kahawa iliiva ikaanza kudondoka chini, na Gachanja akawa anapita nyumbani kwetu mara kwa sauti ya ukali, mara kwa sauti ya kubembeleza. Juma lilipokaribia kwisha alitutangazia kwamba mzungu mwenye shamba amekubali, debe litakatwa kwa kibao, bila kilima. Wenzangu wakapiga vigelegele. Mimi nilikwenda shambani na Syokau bado amevaa nguo zake za kazi.

Tulikuta Gachanja ameshika kibao. Lakini debe lilikuwa jipya, linang'aa. Kwa nini liwe jipya, kama si kubwa kuliko la zamani? Nikaliweka kando ya debe langu la maji, mdomo kwa mdomo, nikainama nikatazama. Nikalipindua, nikagonga kitako. Gachanja alisonya. Waithira alinicheka, lakini naye aliinama.

Yalikuwa sawasawa. Ndipo nikamwambia Syokau arudi nyumbani akaoge, avae sare yake.