Jina Lililobaki Mlimani

Chesang anapitiwa na usingizi mchana, mtoto akiwa bado ananyonya, na papo hapo yuko barabarani, barabara ya changarawe inayokwenda na kujirudia, na anachokitafuta ni kilekile anachokitafuta akiwa macho, mtu aliyemuua mumewe, Lomeri. Si kwa kisasi. Mtoto ana miezi saba na hana jina. Kwao mtoto wa aliyeuawa hurithi jina la baba, lakini hapewi mpaka muuaji aje anawe mikono mbele ya mjane na alitamke kwa kinywa chake, na enzi za mikuki hilo halikuwa shida, maana waliouana walionana macho kwa macho. Risasi ya Lomeri ilitoka mlimani. Nani ataenda kuuhoji mlima?

Mtu asiye na uso anamshika mkono. Wewe nani? anauliza. Mimi ndiye niliyekuwepo na sikuona kitu. Makubwa hayo, anasema Chesang, lakini anamfuata. Wanaingia mji wa kuta za vioo, kila kijana na bunduki yake ya rashasha, wote hawana nyuso. Nani alimuua mume wangu? Mama, sisi tunamwaga risasi tu, nani ahesabu matone ya mvua? Mji unageuka, vioo ni vilevile, sasa ni askari wa wakoloni na bunduki za risasi mojamoja. Sisi tuliamriwa, muulize aliyeamuru. Unageuka tena, watu wa magobori wanashindilia baruti taratibu, na Chesang anapata tumaini, maana anayejiandaa kwa muda mrefu hivyo hakosi kutazama. Tulitazama, wanasema, tukaona moshi.

Mji wa mwisho ni wa mikuki, watu wana nyuso, na Lomeri amekaa mlangoni, pengo lake la jino lilelile. Jamani, alivyomkumbuka! Anataka kumkimbilia, miguu inagoma. Mama nani, anaita Lomeri, kisha anasita, kwa kuwa hana jina la mtoto la kumalizia. Unayemtafuta umekuja naye, anamwambia.

Yule asiye na uso anauachia mkono wake, anapiga magoti. Nilifyatua nikiwa mbali, anasema, tangu siku hiyo sijui nilimuua nani. Niambie alikuwaje. Chesang angeweza kumtemea mate. Lakini tangu msiba uishe hakuna aliyemwuliza habari za Lomeri, na hamu ya kumtaja inamshinda. Anamsimulia pengo, kicheko cha puani, alivyowaimbia ndama wagonjwa, na kadiri anavyosimulia macho yanamtokea yule mtu, kisha pua, kisha mdomo. Mdomo unasema, Lomeri. Kule mlangoni hakuna mtu tena.

Anaamka, au anadhani ameamka. Jua liko palepale. Hajui kama jina lililorudishwa usingizini limerudi kweli, na wazee akiwauliza watabishana mpaka mtoto aoe. Anainama, analijaribu kwa sauti ndogo. Lomeri. Mtoto anaachia titi, anamtazama.