Barua ya Huruma

Siku ile mjinga alikuwa Bushiri mwenyewe, na hakuwa na mtu wa kumsingizia. Miaka kumi na mmoja aliwaandikia watu barua pale Mbeya, kibarazani kwa mjomba wake, akajiona anawajua wakubwa kama anavyovijua viatu vyake. Mkubwa habanwi, aliwaambia wateja; anabembelezwa.

Ndivyo alivyomfanyia Atuganile, mkulima wa milimani, juu ya Mbalizi. Mwaka ule wa 1954 tarishi wa baraza la wenyeji la huko alikuja kumkamata mumewe kwa kutopiga matuta ya lazima ya kuzuia mmomonyoko. Mume yuko Chunya, kwenye dhahabu. Tarishi akamfungia mke siku mbili katika stoo ya baraza, akampiga rungu mpaka sikio la kushoto likatoka damu, na tangu hapo halisikii. Daftari la baraza likaandika kwamba aliteleza.

Atuganile alitaka mawili: baraza likiri mbele ya watu wale wale waliomwona akiburutwa, na tarishi aachishwe kazi. Bushiri akamtania kwamba madai mazito namna hiyo yangehitaji karatasi ya bati. Kisha akaandika kama alivyowaandikia wenye kesi za mbuzi: mnyonge huyu anaomba huruma ya serikali, kwa kutoelewana kulikotokea, mtumishi yule aondolewe karibu naye.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, na Bushiri akaenda na Atuganile bomani kifua mbele. Karani Philbert, mtu mpole mwenye sauti ya kanisani, akawasomea: Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, amekubali ombi lote. Tarishi amehamishiwa baraza la Igawa, kwa kazi ile ile. Mama aweke dole gumba kwamba ameridhika na hana dai jingine.

Bushiri akacheka kwa furaha. Kwao Iringa, alisema, yeye aliwahi kungoja jibu miaka miwili, likaja la kumwambia angoje.

Atuganile hakugusa wino. Aligeuza sikio lake la kulia, akamwomba Bushiri amsomee ile barua aliyomwandikia, yote. Bushiri akasoma. Alipofika katikati sauti ikaanza kumpungua.

"Hapo mimi nimepigwa wapi, Baba Kudra?" Atuganile akamwuliza, akimwita kwa jina la mwanawe.

Utani ukamwishia. Akamwomba Philbert airudishe barua ile, ili yeye aandike nyingine, ya madai. Philbert akaeleza bila ukali kwamba walichoomba ndicho walichopewa, kwamba tarishi ana watoto, na kwamba mama hatamwona tena maisha yake. Ila akikataa karatasi, uhamisho nao unafutika. Jumatatu tarishi yuko tena Mbalizi.

Bushiri akaogopa kweli. Akainama kumnong'oneza akubali tu, heri nusu shari kuliko shari kamili, akamaliza maneno yake yote ndipo akagundua kwamba ameyamwaga kwenye sikio la kushoto. Ikabidi ayaseme tena kwa sauti, mbele ya karani, na safari hii aliyasikia mwenyewe.

Atuganile akakisukuma kidau cha wino mpaka ng'ambo ya meza. Kisha akauliza swali moja tu, na baada ya swali hilo Philbert alivuta mtoto wa meza, akampa Bushiri karatasi tupu.

"Na wanawake wa Igawa, Bwana Karani, wao wamemkosea nani?"