Mwenyeji wa Faidha

Sijaona hakusomea ukalimani. Kireno alikipata kwa mumewe, mwalimu wa shule huko Nangade, ng'ambo ya mto Ruvuma, alikoolewa na kukaa hadi mume alipofariki. Ndipo aliporudi kwao Newala na binti yake Huruma. Mkutano wa kujenga upya vijiji vya Msumbiji vilivyobomolewa na vita ulipopangwa kufanyika Masasi, na mkalimani wa Dar es Salaam akawa hajui neno la Chimakonde, watu wa wilaya wakasema: mwiteni Mama Huruma.

Akaketi kwenye ukumbi wa hoteli chini ya vilima vya mawe, katikati ya pande tatu. Kulikuwa na Bwana Nikolao, kiongozi wa ujumbe wa Msumbiji, mtu mpole mwenye suti iliyopauka mabegani. Upande wa wenyeji alikuwapo Bwana Sadallah, mwanadiplomasia aliyetoka Dodoma, mzaliwa wa Tanga, mwenye tabia ya kutabasamu kila anapokataa jambo. Na mwenye mfuko wa wafadhili alikuwa Esther, Mkenya aliyetumwa na ofisi ya Nairobi, naye akisema kwa niaba ya wakubwa walioko Ulaya.

Zahanati, shule na soko vingejengwa upya kule vita vilikopita. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa sentensi moja kwenye tamko la pamoja: kwamba watu waliokimbilia upande wa Tanzania "wako tayari kurejea."

"Bila hiyo sentensi sina la kuwaambia wakubwa," Esther alisema. "Wanapanga bajeti mpya. Wakiona watu hawarudi, fungu hili watalihamishia kwenye vita vingine. Vita havikosekani duniani."

"Zahanati isiyo na watu ni nyumba ya popo," akasema Nikolao kwa Kireno, na Sijaona akafasiri. "Nasi tunataka watu wetu nyumbani."

Sadallah akatabasamu. "Warudi kwa heri. Ila Newala maji ni ya kutafuta, na watu wetu wamegawana nao hayo hayo. Tamko litaje na visima vya wenyeji."

"Kanuni ya mfuko ni kujenga kule kulikobomolewa, Bwana Sadallah."

"Kuna kubomoka kusikoonekana, dada Esther."

Wakazunguka hapo mchana kutwa. Mwishowe wakakubaliana kupanda Newala kesho yake, wakawasikie wenyewe waliokimbia.

Sijaona alikuwa akifasiri kwa sauti ile ile, kavu, isiyoegemea popote. Moyoni lakini alikuwa akiiombea ile sentensi ipite. Wifi yake Faidha, dada wa marehemu mumewe, alifika kwake na watoto wanne na mkeka mmoja, nguo zikinuka moshi wa kijiji kilichochomwa. Alimpokea kwa mikono miwili, na nani asingempokea? Lakini miaka ilikuwa imepita. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Kila asubuhi maji yalinunuliwa kwa ndoo, yakagawanywa kwa vikombe, na Huruma alikuwa amehamia kwa rafiki yake ili apate mahali pa kulala. Sijaona hakuwahi kulitamka hilo. Aliona haya hata kuliwaza.

Asubuhi magari yakapita Chiungutwa, yakapanda uwanda wa juu katikati ya mikorosho, yakaingia Newala. Ukumbini wanawake walikuwa wameketi upande mmoja, wanaume upande wa pili. Mwenyekiti wa mtaa akasema wenzake wamemchagua mmoja awasemee. Mwanamke mmoja akasimama. Alikuwa Faidha. Usiku uliotangulia Sijaona alikuwa amelala Masasi, hakuwa na habari.

Faidha alikijua Kiswahili cha sokoni. Siku hiyo alichagua Chimakonde.

"Shikamooni wakubwa," alianza. "Kwetu nakutaka. Nani hakutaki kwao? Lakini dada yangu aliambiwa kumetulia, akarudi, na akakimbia mara ya pili. Mwanawe mdogo hakufika huku."

Sijaona akafasiri kwa Kireno, kisha kwa Kiswahili.

"Wenzangu wamenituma niseme tuko tayari. Nami nitasema ukweli. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa, shamba sina. Nikisema niko tayari, si kwamba kwetu kumepona. Ni kwa sababu mwenyeji wangu amechoka nami. Hajaniambia. Lakini namsikia anavyohema akiinua ndoo."

Akaangalia sakafu.

Ukumbi wote ukamgeukia mkalimani. Wageni walikuwa wakimsubiri, kalamu mikononi. Angeweza kuiruka ile sentensi ya mwenyeji aliyechoka. Wanawake wangejua, lakini wangemsitiri. Nikolao, Sadallah na Esther wasingejua kabisa. Sijaona hakuiruka. Akaisema kwa Kireno, neno kwa neno. Akaisema kwa Kiswahili, hadi kule kuhema na ndoo.

Esther akauliza kwa upole, "Huyo mwenyeji wake yupo hapa? Tungependa kumsikia naye."

"Ni mimi," Sijaona akasema.

Esther akaweka kalamu chini. Nje bodaboda ilipita, ikasikika hadi ilipoishia.

"Na ni kweli?" Esther akauliza.

"Kweli nimechoka. Na kweli sitaki aondoke kwa sababu hiyo." Kisha akakumbuka kazi yake, akayageuza maneno yake mwenyewe kwa Kireno, kana kwamba yamesemwa na mtu mwingine.

Bwana Nikolao akavua miwani. "Mama yangu alinizaa Masasi," alisema taratibu, "wakati wa vita vya kumtoa Mreno. Alikaa kwa watu. Hakunisimulia kama walichoka." Akaivaa tena. "Lakini Maputo wananingoja nirudi na neno. Siwezi kurudi mikono mitupu."

Tangu mkutano uanze, hiyo ndiyo mara ya kwanza mmoja wao kusema anachokiogopa. Esther naye akakiri kwamba sentensi ile haikuwa yake. Aliletewa kutoka juu. Sadallah akasogeza kiti. Wakaandika, wakafuta, chai ikaletwa ikapoa. Esther akatoka kupiga simu, akakaa huko muda mrefu akitembea huku na huko mbele ya mlango. Aliporudi walikuwa na maneno mapya: wanaotaka wataanza kwa kwenda kuona, wakiwa huru kurudi Newala bila kupoteza hifadhi yao, na ujenzi utaanza bila kusubiri idadi ya waliorejea.

Visima vya Newala havikupita. Vilisogezwa kikao kijacho. Sadallah alitabasamu, na safari hii hata Sijaona alielewa maana yake: hajakubali.

Jioni, nyumbani, Sijaona aliwakuta watoto wakichambua mboga barazani. Faidha alikuwa jikoni, amempa mgongo.

"Umenifedhehesha, wifi," Sijaona akasema.

"Najua. Nawe ungeweza kuniruka."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukuniruka?"

Sijaona akaketi kwenye kigoda. "Wangesikia 'niko tayari' tu. Ningekuwa nimekufukuza kwa mdomo wako mwenyewe."

Faidha akakoroga chungu. "Ulianza kuchoka lini?"

"Huruma alipohama. Nililia nikiwa dukani, si hapa."

"Ungelia hapa," Faidha akasema. "Tungelia wote."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Kesho yake Huruma aliitwa nyumbani, na watoto wawili wakubwa wa Faidha wakahamia chumba alichokitoa shangazi yake Sijaona, aliyeishi jirani. Haikuwa starehe, ila watu waliacha kuhema kwa siri.

Baada ya msimu wa korosho Faidha alikwenda kuona, pamoja na wenzake, kwa lori, kupitia daraja la Mtambaswala. Alirudi mwembamba zaidi. Alisema ukuta mmoja wa nyumba yake umesimama, kisima kina maji, na msingi wa zahanati umeshachimbwa, mbele yake bango lenye bendera za wafadhili, kubwa kuliko hata jengo lenyewe litakavyokuwa. Alisema pia usiku hakulala.

"Basi ngoja," Sijaona akamwambia.

Faidha akangoja hadi mwalimu wa kwanza alipofungua darasa kule kwao. Ndipo akafunga mizigo, mchana kweupe, watoto wakigombania nani akae karibu na dereva. Sijaona alimsindikiza hadi Masasi, akamshika mkono mpaka lori lilipoanza kuondoka.

Jioni ile, aliporudi, alipika ugali wa watu saba, kama alivyozoea. Alipoona sufuria ilivyojaa, akatoka, akamwita Huruma na majirani waje wale.