Matangi Mawili na Pua ya Baba

Baba yangu alipopofuka, pua yake ndiyo iliyobaki kuwa msimamizi wa gereji. Alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, fimbo mapajani, akinusa. Breki iliyoungua aliijua, na fundi aliyelewa jana yake alimjua kabla hajasalimia. Lakini harufu aliyoipenda ni ya petroli. Enzi zake alipokuwa akishusha tangi la pikipiki, nusu iliingia kwenye kidumu na nusu kwenye ovaroli, na sisi nyumbani tulijua amefika kabla hajabisha hodi.

Ovaroli hizo alizifua mama. Siku moja ya mvua aliianika moja jikoni, karibu na jiko, ikalipuka moto, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haukunyooka tena. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilipoanza kushika spana nilijiapia kwamba petroli yangu itakaa kwenye tangi au kwenye kidumu, si mahali pengine popote. Baba alicheka sana.

"Fundi asiyenuka ni karani," alikuwa akiniambia.

Miaka saba nimeiendesha gereji ile. Nasema nimeiendesha, ingawa yeye aliwaambia watu kuwa namsaidia. Jioni akiuliza tumefanya nini leo, namwambia tumeshusha matangi matatu, anatikisa kichwa.

"Mama," ananiita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, "tangi halishuki bila harufu. Mimi nimezeeka, sijawa mjinga."

Basi akaamini kwamba nabadilisha oili na kuziba pancha, na kwamba kazi zenyewe zinakwenda gereji ya ng'ambo ya barabara. Nilibishana naye mwaka wa kwanza. Baadaye nikachoka, nikamwacha na imani yake.

Halafu mdogo wangu akarudi. Alikuwa ameondoka miaka tisa, akawa utingo wa lori, akauza simu, akaoa, akaachwa, na sasa alikuwa amekumbuka kwamba ana kwao. Kipya kinyemi ingawa kidonda: baba alicheka wiki nzima, akawa anamshika bega kila akipita. Ikasadifu wiki hiyohiyo mwenye fremu, aliyetupangisha gereji, alete habari kwamba mkataba umekwisha, na kwenye karatasi mpya anataka jina moja, la mtu atakayeisimamia gereji, maana hawezi kumwandikia kipofu mahali penye petroli. Angekuja Ijumaa saa tisa.

Baba alikuwa na siku tano za kulitaja jina langu. Hakulitaja.

Ijumaa asubuhi nilishindwa kunyamaza. "Baba, tupime," nikasema. "Mimi na yeye, kila mtu ashushe tangi hapa mbele yako. Kisha uamue."

Nilikuwa na uhakika na kazi yangu. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu, kudhani kwamba kinachopimwa ni kazi.

Pikipiki mbili zilikuwepo, zote za bodaboda, zote na matangi yaliyojaa zaidi ya nusu. Ya kwanza ilikuwa ya kijana tunayemwita Mwendo Pole, kwa sababu hana mwendo huo. Niliiwasha, nikafunga koki, kile kibomba cha kutolea petroli chini ya tangi, nikaiacha iungurume mpaka ikajifia yenyewe, maana hapo kabureta na mpira wa petroli vimekwisha kunywa kilichobaki. Nikaiacha ipoe. Baba akauliza mbona kimya, nikamwambia injini ya moto haiguswi. Akaguna.

Nikatoa siti. Nikalegeza bolti ya nyuma ya tangi kwa spana namba kumi, nikachomoa waya wa geji. Nikaweka kitambaa chini ya koki, nikabana klipu ya mpira na koleo, nikauzungusha mpira kwanza ndipo nikauvuta. Wengi huuvuta tu, ukakatika. Matone mawili yaliangukia kitambaani, nikakitia kitambaa kwenye kopo lenye kifuniko. Nikainua tangi upande wa nyuma, nikalivuta taratibu litoke kwenye raba zake za mbele, nikalibeba likiwa wima kama mtoto aliyelala, nikalilaza juu ya tairi kuukuu ili koki isiguse chini.

"Tayari, baba."

"Tayari nini?"

Nikamshika mkono, nikauweka juu ya tangi. Akaupapasa mfuniko, akaipapasa koki. "Tupu hili," akasema. "Tangi tupu hata mtoto anashusha."

Nikalitikisa. Petroli ikasikika ikicheza ndani, na Mwendo Pole akacheka kwa sauti. Nilimwona baba usoni akitafuta pa kutokea.

"Basi koki imeziba," akasema. "Haya, na mwenzako."

Mdogo wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeanza tu. Alivua shati, akaitia mikononi spana namba kumi na mbili, akairudisha, akachukua namba kumi, akalegeza bolti ya tangi. Kwenye pikipiki ile koki ikielekea chini inatoa petroli, ikielekea juu inatoa petroli ya akiba, na ikilala ubavu ndiyo imefunga. Yeye aliipandisha juu, akaridhika. Nilifungua mdomo nimwambie, baba akainua fimbo. "Asisaidiwe!"

Akauvuta mpira. Petroli ikaruka kama bomba la maji, ikamlowesha mikono na kifua, akashtuka akaligeuza tangi na mfuniko nao haukuwa umekazwa, ikamwagika na huko. Dimbwi likatambaa kwenye sakafu likielekea kwa jirani yetu, fundi wa kuchomelea, aliyekuwa ameshika mashine yake tayari kuunga geti.

"Usiwashe!" nikapiga kelele. "Weka chini, usiwashe!"

Yule fundi akaitupa mashine akakimbia. Mimi nikachota mchanga wa ndoo, nikamwaga, nikachota tena. Nikafunga koki. Nikalishika tangi, nikalisimamisha. Mdogo wangu alikuwa amesimama mikono juu, amelowa, akisema, "Dada, samahani, dada, sikujua." Nilikuwa nauona mkono wa mama.

Nikageuka kumwangalia baba. Alikuwa ameinua uso, pua zimetanuka, anatabasamu. Miaka saba sijawahi kumwona na tabasamu lile.

"Sasa hapo," akasema, "hapo kuna mtu anafanya kazi."

"Baba, tungeungua wote!"

"Mama, mimi nimeungua mara ngapi? Nimekufa? Kazi ina makosa yake. Wewe huna makosa kwa sababu huna kazi."

Mwendo Pole akajaribu. "Mzee, huyu dada ndiye anayetutengenezea siku zote. Sisi tunamfuata yeye."

"Najua anasaidia," baba akajibu kwa upole. Upole huo uliniuma kuliko fimbo.

Nilielewa hapo. Pua yake ilikuwa nzima, na masikio nayo mazima. Alilisikia tangi langu likicheza. Angetaka kunipa angenipa, hata ningenuka marashi. Alikuwa na mtoto wa kiume na alikuwa anatafuta sababu, na mtoto akammwagia sababu lita nne. Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, lakini punda angalau hakulishi maneno matamu kwanza.

Saa tisa mwenye fremu akaja. Akaukanyaga mchanga, akashika pua, akauliza nani amefanya uchafu huu. Baba akamtajia jina la mdogo wangu, akaliandika, na mdogo wangu akatia sahihi bila kunitazama.

Mwenye fremu alipoondoka, mdogo wangu akanisogelea. "Dada, hili tangi linarudije?"

Mwenye pikipiki ile ya pili alikuwa amesimama pale, ana watoto, ana siku yake ya kutafuta. Nikaingiza tangi kwenye raba zake, nikarudisha mpira, klipu, bolti, waya, siti, nikageuza koki, nikaangalia kama kuna panapovuja. Hapakuvuja. Kisha nikakusanya spana zangu, zile nilizonunua mwenyewe, nikazifunga kwenye kitambaa.

Jioni, kama kila jioni, nilimrudisha baba nyumbani. Mdogo wangu alibaki kufunga, maana funguo sasa ni zake. Baba alinishika kiwiko. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilinichukiza. Nilimchukia baba yangu njia nzima ile, hatua kwa hatua, na sikuona aibu.

"Usiweke kinyongo, mama," akasema. "Si utaendelea kumsaidia mdogo wako?"

Mbele yetu palikuwa na mtaro mpya, umechimbwa mchana huo, mpana na wa kina, na hakuna aliyemwambia baba. Yeye alikuwa anatembea tu, amenyanyua kidevu, ananisubiri nijibu.

"Mtaro, baba," nikasema. "Inua mguu."