Zukini Chungu

Kaka yangu Cephas ana ugonjwa wa kujua kila kitu, na ugonjwa huo nusura umuue baba yetu. Nasimulia nikiwa na hasira, na sitaki kutulizwa.

Baba ana sukari. Mwezi wa pili, nesi wa kliniki hapa Rangwe alimwambia asiache vidonge, ila apunguze ule mlima wa ugali na nusu ya sahani iwe mboga. Akamtajia zukini, ile inayofanana na tango: ina maji mengi na nyuzinyuzi, wanga wake ni kidogo, kwa hiyo haipandishi sukari kwa fujo. Ipikwe na ganda lake, mafuta kidogo. Mimi huuza mboga sokoni, nikajua pa kupata mbegu. Nilipanda mashina kumi nyuma ya nyumba, na yalipozaa nikawa nampikia kila jioni. Kufikia mwezi wa sita, sukari yake ilikuwa imeshuka hadi nesi akamwita mwenzake aje aone.

Hapo ndipo Cephas akarudi kutoka Macalder, alikokuwa akichimba dhahabu asiyoipata. Alinikuta nikinunua mbegu mpya akaniita mpumbavu. Akakausha mbegu za zukini moja iliyokomaa, akazipanda mwenyewe. Zilipozaa, nilikata kipande nikaonja. Kilikuwa kichungu hadi ulimi ukafa ganzi. Nikakitema, nikamwambia ang'oe mashina yote, zukini ikiwa chungu hailiwi. Alinicheka. Akasema mwarobaini ni mchungu, mnavu ni mchungu, na dawa yoyote ya maana ni chungu. Zukini zangu mimi, akasema, ni maji matupu.

Jumanne nilienda Ndhiwa kununua nyanya. Niliporudi nilimkuta Baba amejikunja sakafuni, anatapika na kuhara, macho yameingia ndani. Cephas alikuwa amempikia sufuria nzima. Tulimkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu. Daktari alisema huenda zukini iliyotoa mbegu zile ilichavushwa na vibuyu vya mapambo vya jirani, na kwamba uchungu wa namna hiyo ni sumu, hata ukichemsha vipi hautoki.

Cephas aliinamisha kichwa. Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia na mengine ambayo mtoto wa Kisabato hapaswi kuyajua. Nesi wa wodi alikuja kuninyamazisha, nikaongeza sauti.

Baba akainua mkono usio na sindano.

"Orpah, mwache. Nilijua ni chungu tangu tonge la kwanza. Lakini huyu ni kijana wangu, na hajawahi kunipikia. Ningekataaje?"

Nilimtazama. Miezi yote hiyo nilimpikia mimi, na hakuna jioni hata moja aliyomaliza sahani bila kusema chumvi haitoshi, au mboga imelainika mno, au marehemu mama alipika vizuri zaidi. Hasira yangu ilimwacha Cephas ikahamia kitandani.

"Baba," nikamwambia, "zangu zilikuwa tamu."

Alimwomba Cephas amgeuzie mto.