Msalaba Mwekundu juu ya Diski Z

Jumatatu asubuhi Germaine alifungua kompyuta yake ya sebuleni akakuta msalaba mwekundu juu ya diski Z. Diski hiyo haikuwa ndani ya mashine yake. Ilikuwa kwenye kompyuta kubwa ya mdogo wake Edouard, katika chumba cha nyuma cha nyumba ileile waliyoachiwa na baba yao mtaani Kampemba, na mashine hizo mbili ziliunganishwa kwa Wi-Fi. Humo ndimo walimohifadhi rekodi zote za sauti ya marehemu: majina ya ukoo, miaka yake ya reli, na maneno yake juu ya shamba la Naviundu.

Alipobofya, mashine ilimjibu kwa Kifaransa kwamba njia ya mtandao haikupatikana. Germaine hakuwaza umeme wala mtambo. Alimwaza Edouard. Kwa wiki nzima mdogo wake alikuwa akimsalimia bila kumtazama usoni, tangu walipokosana: Edouard alitaka shamba liuzwe, yeye alikataa, na kila mmoja aliapa kwamba baba alikuwa upande wake. Kikao cha familia kilikuwa Alhamisi. Na sasa sauti ya baba imefungwa.

Alizima mashine, akaiwasha tena. Msalaba palepale. Intaneti yenyewe ilikuwa nzima, simu ikipokea ujumbe kama kawaida. Akampigia Katongo, fundi aliyewaunganishia mashine mwaka uliopita. Katongo alimtaka asome ujumbe neno kwa neno, kisha akauliza kama umeme ulikatika. Ulikuwa umekatika Jumapili. Basi, akaeleza, umeme uliporudi router, kile kisanduku cha Wi-Fi, iliipa mashine ya Edouard namba nyingine, na diski Z bado inabisha hodi kwenye namba ya zamani. Akamwongoza kufungua ukurasa wa router. Kweli, namba iliyokuwa ikiishia na 11 sasa iliishia na 14.

Germaine aliona haya kwa kumdhania mdogo wake. Haya hiyo haikudumu. Alipoandika namba mpya, mashine ilimwomba neno la siri. Akaandika lile la siku zote, likakataliwa. Akaliandika tena polepole, herufi mojamoja. Likakataliwa tena.

Katongo, ambaye bado alikuwa kwenye simu, akamwambia:

"Maman Germaine, namba ile ni mambo ya courant, ule umeme uliokatika. Lakini mot de passe, lile neno la siri, haibadilikake yenyewe. Iko muntu aliibadilisha."

Alimkuta Edouard chumbani mwake akipiga pasi shati la kwaya. Njiani alikuwa amejiambia aanze kwa upole.

"Edouard, ni wewe ulinifungia sauti ya papa?"

Hakukana. Alisimamisha pasi. "Ndiyo, yaya, dada yangu, njo mimi. Ile ya Naviundu haiko tena. Naitafuta tangu samedi, siku mbili sasa. Nani mwengine anaingiaka mule?"

Germaine aliisikiliza rekodi hiyo Ijumaa. Hilo alilikumbuka vizuri. Wakarudi wote sebuleni. Akaketi, na Edouard akasimama nyuma ya kiti, karibu kiasi cha kufuata kila kidole chake. Akatafuta jina Naviundu. Rekodi ilitokea kwenye mashine ya Germaine mwenyewe. Ijumaa alitaka kuinakili, kumbe alikuwa ameikata na kuihamisha.

"Sikuiiba," alisema.

Edouard alinyoosha mkono, akabofya.

Baba alikohoa, kisha akataja waliofyeka shamba lile: yeye, mama yao, Germaine akibeba maji, Edouard akiwa mgongoni mwa mama. Akasimulia mafuriko ya mto na mihogo iliyooza. Rekodi ikaisha. Hakuna mahali aliposema liuzwe, wala lisiuzwe. Kila mmoja aliepa macho ya mwenziwe.

Edouard akamwandikia neno jipya la siri kwenye kikaratasi. Germaine akaliingiza, msalaba ukatoweka, akarudisha rekodi mahali pake huku mdogo wake akitazama. Edouard alipoondoka, Germaine alitoa clé USB, kidude cha kuhifadhia faili, kwenye mkoba, akaanza kunakili kila kitu.

Kazi ilikuwa haijafika nusu aliposikia hodi. Akaifunika clé haraka kwa kitambaa cha meza. Edouard alichungulia mlangoni akauliza, kwa upole usio wa kawaida yake, kama yaya hana clé USB ya kumwazima.