Fasili ya Bi Nukta

Walimwita Bi Nukta kwa sababu hakuna ukurasa uliowahi kupita mikononi mwake ukatoka bila alama ya kalamu nyekundu. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia katika nyumba moja ya uchapishaji, kwenye meza ileile iliyobanwa kati ya dirisha na mashine ya kunakili, jua likimchoma usoni na mashine ikimchoma mgongoni. Wahariri saba wachanga walijifunzia kazi mezani hapo. Mmoja wao, binti mwembamba aliyekuja hajui hata mahali pa kuweka mkato, sasa ndiye Mhariri Mkuu, ana chumba chenye mlango na kiyoyozi. Bi Nukta alimwita "bosi" mbele za watu, na kila alipolitamka neno hilo alihisi kama ametafuna kokoto.

Lakini huo wa kazini ulikuwa wivu wa rejareja. Wivu wenyewe hasa ulikuwa nyumbani, juu ya mdogo wake wa tumbo moja.

Baba yao, fundi saa aliyestaafu, aliishi kwa Bi Nukta tangu miguu ilipomgomea. Bi Nukta ndiye aliyemwogesha, akamkata kucha, akamsomea magazeti na kumvumilia anapolalamika kuwa uji ni mzito, kesho yake kuwa ni mwepesi. Mdogo mtu alikuja Jumamosi tu. Aliolewa na diwani, na siku hizi watu walimwita Mama Mheshimiwa. Akisikika tu anafunga mlango wa gari nje, mzee alijiweka sawa kitini, akaomba kofia yake nzuri. Katikati ya wiki, kila asubuhi, alipofumbua macho na kumkuta binti yake mkubwa amesimama na beseni la maji ya moto, swali la kwanza lilikuwa, "Mdogo wako hajapiga simu?"

Bi Nukta alijibu, "Bado, baba," akainamisha kichwa, akaendelea kukamua taulo.

Mwaka ule nyumba yao ya uchapishaji ilikuwa ikitayarisha kamusi elezo ya shule za sekondari. Jumatatu moja Mhariri Mkuu alimwita ofisini, akamkabidhi karatasi yenye kichwa kimoja: Ufisadi wa kisiasa.

"Dada, hii sitaki kumpa mtu mwingine," alisema. "Nataka fasili isiyozidi maneno hamsini, kisha maelezo, kisha mfano mmoja wa hapa kwetu. Mfano uwe na kumbukumbu ambazo mtu yeyote anaweza kwenda kuzisoma. Na usiegemee upande. Mtoto wa mwenye kosa naye atasoma kitabu hiki darasani."

"Nimekuelewa, bosi."

Alirudi mezani moyo ukimdunda kwa furaha ambayo hakutaka kuichunguza. Kabla hajaketi, mfano alikuwa tayari anao. Miaka minne nyuma soko kuu lilijengwa upya, na halmashauri ikagawa vibanda. Shemeji yake alikuwa mjumbe wa kamati ya ugawaji. Na mdogo wake leo ana kibanda cha kona, kile kinachotazama kituo cha mabasi, ambacho kila mfanyabiashara alikitolea macho.

Fasili aliiandika siku hiyohiyo. Alisema ufisadi wa kisiasa ni hali yoyote ambapo kiongozi, au mtu wa familia yake, ananufaika na jambo lililoamuliwa na serikali. Aliisoma mara mbili. Ilimtosha shemeji yake kama suti ya kushonewa.

Mhariri Mkuu aliisoma mara moja tu.

"Diwani akiwekewa taa mtaani kwake, yeye na majirani zake wote, je, ni fisadi?"

"Hapana."

"Kwa fasili hii ni fisadi. Amenufaika, na serikali ndiyo iliyoamua." Akageuza ukurasa. "Na humu ndani umeandika 'walafi', umeandika 'kujichotea'. Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa kamusi haitukani mtu. Kuna nini, dada?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa na haraka."

Alirudi akaandika upya, safari hii kwa jasho. Aligundua kwamba kila neno lilikuwa mlango. Akiandika "kuvunja sheria" tu, wangeponyoka wote waliojitungia sheria za kuwafaa. Akiandika "jambo ambalo wananchi wanalichukia", angekamatwa hata kiongozi mwadilifu asiyependwa. Mwishowe akaandika: Ufisadi wa kisiasa ni matumizi ya mamlaka ya umma, yanayofanywa na kiongozi wa kisiasa kinyume na wajibu wa nafasi yake, kwa manufaa yake binafsi au ya watu wake wa karibu. Ilikuwa fasili nzuri, naye alijua. Ila sasa ilihitaji ushahidi. Haikutosha kwamba kibanda kilikuwa cha mke wa diwani. Ilibidi diwani awe ameutumia udiwani wake kukipata.

Alikwenda masijala ya halmashauri, chumba kirefu chenye harufu ya vumbi na gundi. Karani wa humo, mzee aliyefunga mkono wa miwani yake kwa uzi, alimletea faili la ugawaji wa vibanda akamwonyesha benchi la kukaa. Ukurasa wa kumi na nane ulikuwa na orodha. Kibanda namba saba: jina la mdogo wake, limeandikwa waziwazi.

Akafunua ukurasa wa kumi na tisa. Hapo muhtasari ulisema kwamba vibanda vya kona vilitolewa kwanza kwa waliokuwa na nafasi hizo katika soko la zamani, au kwa watoto wao. Kwamba kibanda namba saba kilikuwa nafasi ya marehemu mama aliyeuza vitambaa hapo kwa miaka thelathini. Na kwamba mheshimiwa diwani alitamka mapema kuwa mwombaji ni mke wake, akatoka ukumbini, asishiriki mjadala wala kura.

Huyo marehemu mama alikuwa mama yao.

Bi Nukta akaomba anakiliwe ukurasa wa kumi na nane, na wa ishirini wenye saini za wajumbe. Ule wa katikati akaupita. Kurasa zilizofuata hakuzigusa kabisa.

Jumamosi mdogo wake alipokuja, alimsubiri jikoni, mlango ameurudisha.

"Nafasi ya mama sokoni umeichukua wewe?"

Mdogo wake alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia. Aliweka kimoja chini polepole. "Nimeichukua vipi, dada? Si nilikuambia?"

"Lini?"

"Siku niliyokuletea fomu. Ulikuwa umekaa palepale, unasahihisha makaratasi yako. Nikakuambia wanataka mtoto mmoja wa mama asaini. Nikakuambia wewe ndiye mkubwa, saini wewe. Hukunyanyua hata kichwa. Ukasema wewe ni mtu wa vitabu, soko umewaachia wanaolipenda."

Bi Nukta alitaka kukana. Lakini aliikumbuka ile siku, hata kalamu aliyokuwa nayo mkononi aliikumbuka, na alikumbuka jinsi alivyofurahia kulisema neno lile.

"Chai hiyo inapoa!" baba aliita kutoka sebuleni. "Mwache mwenzako apumzike, ametoka mbali!"

Huyo mwenzake alikuwa Mama Mheshimiwa, aliyetoka mtaa wa pili kwa gari.

Jumatatu, Mhariri Mkuu alizitandaza nakala mezani kwake. "Kumi na nane, ishirini. Kumi na tisa iko wapi?"

"Mashine yao iliitafuna."

"Basi kaipige nyingine. Siwezi kupitisha mfano wenye pengo katikati."

Hakuonyesha kumshuku, na hilo lilimuuma Bi Nukta kuliko kama angemgombeza. Akachukua mkoba wake akaenda zake masijala, njia nzima akijiambia kwamba hata mtu akitoka ukumbini, wenzake wanaobaki wanajua anataka nini. Inawezekana ilikuwa kweli. Lakini haikuandikwa popote, naye alijua kwamba angekuwa diwani mwingine yeyote, yeye asingewaza hivyo.

Karani alipoliona faili lilelile linaombwa tena, alicheka. "Mama, wewe ni mtu wa ajabu. Kila anayekuja kuuliza faili hili anafuata kurasa za nyuma. Wewe ndiye wa kwanza kuishia katikati."

"Za nyuma zina nini?"

"Sasa mimi nikusomee na macho haya?"

Bi Nukta akafunua mwenyewe. Ukurasa wa ishirini na tatu ulieleza vibanda vinne vilivyokuwa vya wajane wawili. Wajane hao walihamishiwa nyuma, karibu na vyoo, na nafasi zao wakapewa watu wawili ambao hawakuwahi kuuza hata sindano katika soko la zamani. Wote wawili walikuwa ndugu wa mke wa mwenyekiti wa halmashauri. Mwenyekiti aliongoza kikao, hakutamka lolote kuhusu undugu huo, na kura zilipolingana yeye ndiye aliyepiga ya kuamua. Nyuma ya ukurasa huo ilibandikwa taarifa ya tume iliyoundwa mwaka uliofuata. Ilithibitisha yote na kuagiza wajane warudishiwe nafasi zao. Agizo hilo halikutekelezwa.

Mwenyekiti huyo, ambaye sasa amestaafu, mji mzima ulimwita Mzee wa Watu. Baba alipozidiwa na kulazwa sakafuni hospitalini kwa kukosa kitanda, yeye ndiye aliyeinua simu, kitanda kikapatikana kabla jua halijazama. Bi Nukta alimshika mkono kwa mikono miwili siku ile. Aliwahi kusikia minong'ono kuhusu wale wajane, na kila ilipofika masikioni mwake aliipuuza akisema watu wana midomo. Minong'ono kuhusu shemeji yake je? Hiyo aliitafuta mwenyewe kwa taa.

Na kitanda kile, je? Kilitoka wapi, kwa mgonjwa gani? Hakuwahi kuuliza.

Alinakili kurasa zote. Alipofika ofisini hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mlango aliouonea gere miaka mitatu, akagonga.

"Bosi, ukurasa haukutafunwa na mashine. Niliuacha mimi."

Akamweleza yote akiwa amesimama: kwamba diwani ni shemeji yake, mwenye kibanda ni mdogo wake, mfano wa kweli uko nyuma ya faili, na huyo mwenye kosa alimsaidia baba yake. Alipomaliza, Mhariri Mkuu aliomba zile nakala akazisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa.

"Fasili itabaki yako," alisema hatimaye. "Sijaona iliyo bora kuliko hiyo. Lakini mfano utaandikwa na mtu mwingine, na wewe hutausahihisha. Shemeji yako hatamo, kwa sababu hakuna ushahidi. Mzee wa Watu atakuwamo, kwa sababu upo. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na barua ya onyo nitaiandika, dada. Kwa ule ukurasa."

"Iandike," alisema Bi Nukta. Alitoka akiwa na uchungu kwamba binti huyu alikuwa amekuwa mhariri mzuri kuliko yeye, na uchungu zaidi kwamba ni yeye aliyemfundisha.

Mfano uliandikwa na kijana mmoja wa idara ya jiografia, asiye na ndugu mjini. Uliandikwa kwa sentensi fupi, bila tusi, kila jambo na tarehe yake. Kamusi ilipotoka, gazeti moja lilichapisha ukurasa ule, na wajane wakarudi halmashauri wameukata na kuubana mkononi. Mpaka leo mmoja amerudishiwa nafasi yake. Wa pili anaendelea kuzungushwa.

Watu nao walisema yao. Walijua Bi Nukta anafanya kazi wapi na ni dada wa nani. Mtaani wakasema amemwandika Mzee wa Watu akamficha shemeji yake. Dukani mwanamke mmoja alimwambia usoni, "Kweli damu nzito, mama." Bi Nukta alichukua mkate wake akaondoka. Angejitetea vipi?

Baba ndiye aliyekasirika zaidi. "Mtu aliyenitoa sakafuni!" alisema, na siku mbili alikataa kuogeshwa.

Jumamosi iliyofuata mdogo wake alikuja mapema. Hakwenda sebuleni. Alimfuata Bi Nukta uani, alikokuwa akianika shuka za baba, akamkumbatia kwa nyuma.

"Dada, asante. Mume wangu amenituma hasa. Amesema ungeweza kututaja, watu wangeamini. Umetulinda."

Bi Nukta aliushika mkono ule uliomzunguka kiuno, akautoa taratibu. Angeweza kuipokea shukrani ile. Ingekuwa mara ya kwanza katika maisha yake mdogo wake kuwa na deni kwake.

"Sikuwalinda," alisema. "Nilitaka muwemo. Nilificha ukurasa ili muwemo. Nimepewa onyo kazini kwa sababu hiyo."

Mdogo wake alirudi nyuma hatua moja. "Kwa nini? Nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea kitu." Alikuwa ameikamata shuka mbichi kwa mikono yote miwili, maji yakimtiririka hadi viwikoni. "Kila asubuhi namwogesha baba, na kila asubuhi ananiuliza wewe umepiga simu. Basi."

Macho ya mdogo wake yalijaa machozi, kisha akayafuta kwa hasira, kama mtu aliyepigwa na kuombwa radhi kwa wakati mmoja. Halafu akavua viatu vyake vya kisigino akaviweka kwenye ngazi.

"Beseni liko wapi?" aliuliza. "Maji yamechemka?"

Wakaingia ndani wote wawili. Sauti ya baba ilisikika kutoka chumbani, imechangamka ghafla, ikimwita mdogo. Bi Nukta alisimama koridoni na taulo begani. Roho ilimuuma, kama siku zote.